Hamira ya Kaviha

"Kaviha, mwanangu!"

"Abee, baba."

"Pombe ya kina Randu imefika. Tuinywe, ama tusiinywe?"

Ua mzima ule wa Mjambere, Kisauni, ukamgeukia Kaviha. Kwao, binti akisema kunyweni pombe ya posa, basi kaolewa. Mashangazi washajiandaa kwa vigelegele. Kaviha akapokea kikombe, akanusa, akaonja kidogo, akakirudisha mkekani.

"Msiinywe."

Lahaula! Mjomba wa Randu nusura aanguke kitini.

"Wanikataa mbele za watu?" Randu aliuliza.

"Hii hamira si yangu, Randu. Embe liko wapi humu? Mimi nasikia harufu ya unga wa mkate tu."

Watu walidhani msichana karukwa na akili. Kumbe! Wengine hupelekewa pombe ya mnazi siku ya posa, lakini Kaviha aliomba bia ya embe, aipike kwa mkono wake. Miezi saba alihangaika na hamira. Ya mkate ilimaliza utamu wote wa embe. Ya pakiti, ya ng'ambo, ilishindwa na joto la Kisauni. Mwisho akachukua mashapo ya mnazi, akayalisha maji ya sukari chupani, akamwaga, akaanza upya, hadi akapata hamira inayopenda joto na kuliacha embe linukie. Bia aliipikia kwa Randu, akamwachia chupa ya hamira aitie bia ikishapoa. Jioni akamwandikia: "Umetia?"

Jibu likaja: "Nimetia mpenzi, povu hilo!"

Uongo mtupu.

"Sema kweli, Randu," Kaviha akamwambia pale uani.

"Nilitia ya mkate. Wenzangu wa kazini waliiona chupa yako wakacheka, eti naenda kuposa na uchafu. Nikaona haya."

"Uliionea haya chupa, ama ulinionea haya mimi?"

Randu akainama. "Nawe pia. Nisamehe."

Jibu hilo lilimchoma, wallahi. Lakini Kaviha hakulia.

"Basi beba pombe yako. Ukitaka jibu jingine, njoo uniombe hamira, upike mwenyewe."

"Twende zetu!" mjomba akafoka. "Wanawake wamejaa Mombasa nzima!"

Randu hakumsikiliza. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa kina Kaviha, gunia la maembe ya soko la Kongowea begani, anaomba hamira kwa adabu zote.

Wiki tatu baadaye ukoo wa Randu ukarudi. Safari hii Randu alisimama mwenyewe.

"Wazee wangu, bia nimepika mimi. Hamira ni ya Kaviha. Kaitafuta miezi saba, na hapa Mombasa hana mwenziwe. Leo naringa naye, acheni watu wacheke!"

Kaviha akaonja. Embe lilikuwamo, na uchachu wa mnazi kwa mbali. Machozi yakamlenga kwa fahari.

"Kunyweni, baba."

Vigelegele vikapasua ua. Yule mjomba alimaliza vikombe viwili, akafuta ndevu, akamsogelea bibi harusi kwa unyenyekevu.

"Mwanangu, hiyo hamira waweza kunigawia kidogo?"

"Muulizeni mume wangu, mjomba," Kaviha akasema. "Ndiye aitunzaye."