Chupa ya Mtoto na Pampu Nyekundu

Kila asubuhi mke wa mwanawe alipokwenda kiwandani kushona, bibi alibaki na mjukuu wake mchanga. Alichota maji kwenye pampu ya uani, akayachemsha mpaka yakapungua nusu sufuria, ndipo akakoroga maziwa ya unga. Kwa usafi hakuwa na mpinzani.

Siku hiyo alimkuta mpima maji anaipaka pampu rangi nyekundu.

"Mbona unatuharibia pampu?"

"Shikamoo, bibi. Nimeyapima maji haya. Yana aseniki."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Sumu inayotoka ardhini. Haina rangi, harufu wala ladha. Inaumiza polepole, na watoto wadogo ndio inaowaonea zaidi, maana ubongo wao bado unakua."

Bibi alishusha pumzi. "Basi sisi tumesalimika. Mimi nachemsha sana."

Mpima maji aliweka brashi chini. "Kuchemsha kunaua vijidudu, bibi. Sumu hii haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, sumu inabaki. Inazidi kukolea."

Bibi aliingia ndani mbio. Mtoto alikuwa analia njaa, na chupa ilikuwa tayari mezani. Bibi akaishika, bado vuguvugu. Mtoto alipoiona akanyoosha mikono.

"Vumilia, mume wangu," bibi alisema, akaimwaga yote.

Alimfunga mgongoni, akabeba ndoo mbio mpaka mtaa wa pili, kwenye pampu iliyopimwa ikapakwa kijani, rangi ya maji salama. Mtoto alilia njia nzima. Alilia maji yakichemka, akalia yakipoa. Hatimaye akanyonya.

Jioni alimweleza mkwewe. "Nimemlisha sumu kwa mikono yangu."

"Hukujua, mama. Hata mimi nilikuwa nayanywa."

Kliniki walimpima mtoto mkojo. Sumu ilikuwa nyingi.

"Dawa yake?" bibi aliuliza.

"Kwanza ni kuacha maji yale," muuguzi alisema. "Msiyanywe wala msipikie. Kufulia ni sawa. Mwili wenyewe utaitoa kwenye mkojo. Mrudisheni tumpime tena."

Tangu hapo maji ya kunywa na kupikia yalitoka mtaa wa pili, mvua inyeshe, jua liwake. Magoti yalimuuma bibi, lakini hakuruka hata siku moja.

Waliporudi kliniki, muuguzi alisoma majibu. Bibi alishindwa kungoja.

"Sema tu, mwanangu."

"Imeshuka sana, bibi. Tutaendelea kumfuatilia, lakini mko kwenye njia sahihi."

Bibi alimkumbatia mjukuu wake, akalia mbele za watu wote.