Paneli Inayotazama Barabara

Kinyozi ana chumba kimoja cha mbele anachonyolea watu, na viwili vya nyuma anavyoishi na mkewe na watoto. Kila asubuhi anafagia nywele za jana, ingawa alizifagia jana. Nywele zina tabia hiyo. Kisha anafuta kioo, anaweka mashine ya kunyolea mezani na kuwasha redio. Mkewe huketi karibu na mlango, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Hubishana mchana kutwa. Asiyewajua hudhani wanagombana. Anayewajua husogeza kiti asikilize.

Umeme wao ni wa jua. Juu ya bati pana paneli, ile bapa ya kioo inayogeuza mwanga kuwa umeme. Ndani kuna betri ya kutunza umeme huo, na ukutani kuna kisanduku chenye tarakimu kinacholinda betri. Paneli yao ni kubwa, tena mpya. Kinyozi aliipenda kama mwali. Aliisimamisha wima ukingoni mwa bati, itazame barabara, ili kila apitaye aione. Kwenye kona ya kioo chake akabandika picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri. Umeme ukawa wake, na tangazo likawa lake.

Tabu ilikuja alasiri. Mashine ilikuwa ikianza kukohoa, inapunguza sauti, halafu inanyamaza. Siku moja ilinyamaza katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu. Upande wa kulia ulikuwa tayari. Upande wa kushoto ulikuwa bado msitu.

"Sasa nisubiri jua la kesho?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Nitamalizia kwa mkasi, mwalimu."

"Basi fanya haraka. Nina kikao na wazazi. Nikienda hivi, nitawaambia nini kuhusu unadhifu wa watoto?"

Mwalimu alipoondoka, Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Binamu amepiga simu tena," alisema. "Mjini kwake umeme ni wa waya, mchana na usiku. Kiti cha kunyolea kipo. Anasema niende, niwe nakuja kuwaona mwisho wa mwezi."

Cherehani ilisimama. "Mwisho wa mwezi upi?" mkewe aliuliza.

"Wa kila mwezi."

"Na watoto wakiniuliza baba yuko wapi, niwaonyeshe ile picha ya kichwa kwenye paneli?"

"Mama watoto, mimi sitaki kwenda. Lakini vichwa nusunusu havitatulisha. Nimeuziwa paneli mbovu. Tazama ya dada. Ni ndogo, ni kuukuu, na taa yake inawaka mpaka anasinzia."

Dada mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni. Anakaa nyumba ya jirani, na ukuta ulio katikati haujawahi kumficha neno.

"Huyu tangu utotoni akinunua kitu hununua ukubwa," alisema. "Viatu vyake vyote vilikuwa vinampwaya."

"Wifi, leo usimchokoze. Anataka kuhama."

Dada aliacha kucheka. Yeye ndiye aliyembeba Kinyozi mgongoni alipokuwa mtoto. "Ahame aende wapi, mtu asiyejua hata kuchemsha chai? Ngojeni. Kesho namleta Fundi."

Fundi wa umeme wa jua ni mama mmoja mnene mwenye ngazi nyembamba. Akipanda, watu wa chini huomba dua. Lakini asubuhi ile hakupanda. Aliketi, akauliza.

"Umejuaje kwamba paneli ya dada yako ni bora kuliko yako?"

"Taa zake hazizimiki," Kinyozi alijibu.

"Ana vitu gani vya umeme?"

"Taa mbili na redio."

"Na wewe?"

"Mashine, taa, redio, na simu za wateja."

"Simu ngapi?"

Kinyozi alitazama dari. Mkewe akamjibia. "Wanaleta simu hata wenye vipara."

"Basi hukulinganisha paneli," alisema Fundi. "Ulilinganisha matumizi. Nyumba mbili zina mitungi ya maji. Moja ina mtu mmoja, nyingine ina watu kumi. Maji yakiisha kwa wale kumi, utaulaumu mtungi? Kwanza tazama yameingia maji kiasi gani."

Akawaonyesha kitufe kwenye kisanduku. Ukikibonyeza, unaona umeme wote ulioingia tangu asubuhi. Hesabu yake ni ya wati-saa, yaani kipimo cha umeme uliokusanywa.

"Jua likizama, someni visanduku vyote viwili, chenu na cha dada," alisema. "Iwe siku moja. Siku ya mawingu hailinganishwi na siku ya jua kali. Na wewe dada, leo washa taa na redio yako mchana kutwa. Betri ikijaa, haipokei tena. Paneli itaonekana mvivu, kumbe haina pa kuweka mzigo."

Hilo Dada alilitii kwa moyo wote. Mtaa mzima ulisikiliza redio yake.

Jioni Fundi alirudi, wakasoma. Kisanduku cha Dada kilionyesha mia mbili. Cha Kinyozi kilionyesha mia na hamsini.

"Tumepishana kidogo tu," alisema Kinyozi, akijipa moyo.

"Kidogo?" Fundi alimwangalia. "Nguvu ya paneli yake ni wati hamsini. Ya kwako ni wati mia. Gawanya. Kila wati ya dada yako imeleta wati-saa nne. Kila wati yako imeleta moja na nusu. Ukipima kikombe na ndoo, usitazame maji peke yake. Tazama na ukubwa wa chombo."

"Kwa hiyo ni mbovu kweli," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo. Mkewe akageukia ukutani, akajifanya anatafuta sindano.

"Mbovu au nzima, mgonjwa hahukumiwi kabla ya kupimwa," alisema Fundi. "Kesho nitapanda."

Kesho yake akapanda. Mawifi wawili walishika ngazi.

"Shika vizuri, wifi," alinong'ona Dada. "Huyu akituangukia, tutazikwa bila kutenganishwa."

"Nawasikia," alisema Fundi kutoka juu. "Kinyozi, jua linapita huku juu ya nyumba. Paneli yako inatazama barabara. Inasubiri mgeni?"

"Nilitaka watu waione."

"Watu wameiona. Jua halijaiona. Na hii picha je?"

"Hiyo ni ndogo tu, fundi. Kama kiganja."

"Kiganja kinatosha kuziba macho. Ndani ya paneli mna vipande vingi vilivyounganishwa, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo. Mmoja akisinzia, wenzake wanabaki wameshika ndoo. Wewe umemfunika mmoja uso, halafu unalalamika maji hayafiki."

"Nikibandua, wateja watanijuaje?"

"Wanatembea na kazi yako kichwani, baba watoto," alisema mkewe. "Unataka tangazo gani jingine?"

Kinyozi alitaka kubisha, kama kawaida yake. Safari hii alisema tu, "Ibandue, fundi."

Fundi alichomoa nyaya kabla ya kuigusa paneli, akaonya kwamba asiye fundi asizichezee. Akaibandua picha. Akailaza paneli ikitazama juu, imeinama kidogo upande jua linakopita, mbali na kivuli chochote. Aliacha nafasi kati yake na bati, hewa ipite, maana paneli ikipata joto sana nguvu hupungua. Mwisho akafuta vumbi kwa maji na kitambaa laini.

"Uwe unaifuta asubuhi, kioo kikiwa baridi," alisema. "Na simu za watu zichajiwe saa za jua kali. Usiku betri ni ya kwenu."

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali kama siku ya kwanza ya kupima, na Dada akawasha tena taa na redio mchana kutwa. Jioni walisoma tena. Kisanduku cha Dada kilionyesha mia mbili vilevile. Cha Kinyozi kilionyesha mia nne.

"Kila wati imeleta nne, huku na kwa wifi," alisema mke wa Kinyozi, akirudia hesabu kwa vidole. "Zote mbili ni nzima."

"Yangu ni ya zamani," alisema Dada. "Iheshimiwe."

Tangu hapo mashine haijanyamaza juu ya kichwa cha mtu. Wateja wa alasiri waliokuwa wamekimbia wamerudi, na wengine hukaa tu, kusikiliza mabishano.

Alasiri moja, benchi likiwa limejaa, simu ya Kinyozi iliita. Alikuwa binamu.

"Kiti bado kipo. Unakuja lini?"

Kinyozi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshughulika mno na kola moja ya sare.

"Mpe mtu mwingine kiti hicho," alisema taratibu, akakata simu.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza, kama hajui.

"Mtu amekosea namba."

Mkewe aliinama akakata uzi kwa meno, kicheko chake kisionekane.