Valvu Thelathini

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa mafundi hadi mlangoni, kila mmoja akitaka kuhudumiwa yeye kwanza. Mbele ya kaunta, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyopauka magotini aliinua koki inayovuja, akamwambia muuzaji kwamba aliyeigonga muhuri bila shaka alikuwa amelala.

"Aliyeigonga ni mimi," sauti ilisema nyuma yake. "Na sikulala."

Aligeuka. Binti mwenye gauni la bluu, kalamu kaichomeka kwenye nywele, alikuwa ameleta mzigo kutoka kiwandani kwa baba yake. Aliifungua ile koki, akamwonyesha kwamba ni mpira wa ndani ulioliwa, shaba haina kosa. Mafundi wakamcheka kijana wa watu. Naye, badala ya kuona haya, akaomba namba ya simu, ili siku nyingine aulize kabla ya kutukana.

Wenzake walimwita Spana. Yeye akampa binti jina la Bibi Muhuri, na jina likanoga. Kila jioni walizungumza kwenye simu hadi masikio yakapata moto. Binti alimsimulia jinsi babu yake alivyoanza kusubu koki kwenye mchanga uani, akiyeyusha shaba ya manjano aliyookota kwenye vyuma chakavu. Jinsi mji ulivyopanuka na kiwanda kikapanuka nao, koki zikazaa valvu za mabomba makubwa. Sharti la babu lilibaki lile lile: hakuna kitu kutoka mlangoni kabla ya kujazwa maji kwa presha, na mtu wa ukoo kugonga muhuri kwa mkono wake. Baba aliifanya kazi hiyo mpaka macho yakamchoka, akamwachia bintiye.

"Kwa hiyo nikikuoa nitapimwa?" Spana aliuliza.

"Utapimwa, mpenzi. Ukivuja unarudi tanurini."

Ulibaki mwezi mmoja Spana alete wazee wake nyumbani kwa kina binti. Idara ya maji ikaagiza valvu za bomba jipya, na pampu ya kupimia ikaharibika zikiwa zimebaki thelathini. Baba alikuwa amelazwa, lori linapiga honi nje. Binti alizigeuza moja moja mkononi, akaziona nzuri, akagonga muhuri. Alijiambia ni mara hii tu, kama wanavyojiambia wote.

Aliyepewa kazi ya kuzifunga akawa Spana. Kwenye moja aliona vitundu vidogo kama vya sindano, akapiga simu akiwa ndani ya mtaro.

"Bibi Muhuri, hizi umezipima?"

Binti alimfikiria baba yake kitandani, na jina la babu juu ya lango.

"Nimezipima zote."

"Basi nafunga."

Siku ya kufungulia maji valvu ile ilipasuka, ikamvunja Spana mkono wa kulia. Mhandisi wa idara alipomhoji, Spana alisema yeye ndiye aliyeikaza kupita kiasi. Akafukuzwa kazi.

Binti aliposikia, aliona aibu kumkabili. Siku tisa hakupokea simu zake, na Spana akaamini ameachwa kwa sababu ya mkono. Siku ya kumi binti alikwenda kwa mhandisi akasema yote. Valvu ziling'olewa, agizo likafutwa, na tanuri la vizazi vitatu likazimwa. Baba yake hakumgombeza. Alisema tu kwamba babu aliwahi kuyeyusha koki mia kwa sababu ya moja, kisha akageukia ukutani. Afadhali angempiga.

Kutoka hapo alikwenda chumbani kwa Spana, akapiga magoti, akakiri.

"Nilijua," Spana alisema. "Tangu siku ile kwenye simu. Ulichelewa kidogo kujibu."

"Sasa kwa nini ulifunga?"

"Kwa sababu ni wewe uliyesema."

Binti alilia kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua. Spana alimfuta machozi kwa mkono wa kushoto, akamweleza kwamba idara imemrudisha kazini, na kwamba yeye alishamsamehe zamani, tangu wodini.

"Basi wazee waje," binti alisema.

"Hawatakuja, mpenzi." Aliushusha ule mkono. "Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Lakini kila nitakapokuuliza jambo, nitakuwa nasikiliza kama umechelewa kujibu. Hayo si maisha ya kumpa mtu."

Binti aliinuka, akajifunga mtandio, akashika kitasa. Spana akamwuliza, kwa ile sauti yake ya kila jioni, kama leo amekula.

"Nimekula," alijibu haraka, haraka mno, na wote wawili wakaangalia chini.