Mlango wa Maiti wa Monteruta

Asubuhi ya mkesha wa Sikukuu ya Mishumaa, mzee Nazzareno alifungua nyumba ya kale ya wafumaji apate kufuta vumbi, akakuta ukutani msumari mtupu. Picha ya Mama Maria, iliyochorwa juu ya ubao karne sita nyuma, haikuwepo.

Mlango mkubwa alikuwa ameukuta umefungwa, na ufunguo wake ni mmoja tu, anao yeye. Kando yake, ule mlango mwembamba uitwao wa maiti ulikuwa wazi, mbao zilizouziba zimeng'olewa kwa ndani. Nje, theluji ya alfajiri ilikuwa imefunika kila kitu.

"Kiinimacho," alisema kamishna aliyepanda kutoka mjini. "Mzee kaingia na ufunguo wake, kang'oa mbao tumtafute mwizi mwingine. Saa sita naondoka naye."

"Inauma," alisema Dokta Landucci, mnunuzi wa nyumba tupu. "Bibi yangu kazaliwa hapa. Mimi mtoto wa Monteruta, damu na mfupa!"

Kutoka mjini! Haohao waliofunga shule ya Monteruta, wakafunga posta, wakang'oa reli, na kila mara walikuja na hotuba. Sasa wamekuja kuchukua mzee. Fosca Trabalza, askari pekee aliyebaki kituoni, hakusahau hata moja. Picha ile ndiyo iliyowarudisha watoto wa Monteruta kila mwaka na mishumaa yao, wakafungua madirisha ya mababu. Bila picha, nani angerudi?

Alimeza hasira, akatoka kutembea.

Alipanda kichochoro cha mawe huku theluji ikilia chini ya buti. Kila nyumba ya zamani ilikuwa na milango miwili: mpana wa walio hai, mwembamba wa jeneza. Mama Settimia alikuwa akikwangua theluji kizingitini.

"Afande, taratibu, utavunja nyonga kama mimi!"

"Kwani wewe uliteleza?"

"Niteleze, mimi? Ni mwaka wa tetemeko. Kifusi kiliziba mlango mpana, nikaruka dirishani."

"Na huu mwembamba ulikuwa ubavuni mwako?"

Settimia alifanya ishara ya msalaba. "Nipite hapo ningali napumua? Wewe umelelewa na nani?"

Fosca alimbusu bibi kizee shavuni. Kisha akageuka mbio.

Aliwakuta kamishna, Landucci na mzee bado wamo katika nyumba ya wafumaji. Akausukuma mlango mkubwa nyuma yake, akauzungusha ufunguo uliokuwa kitasani.

"Kitasa kimekwama," alisema. "Tutokee huku pembeni."

"Nifunge pingu, mwanangu," alisema Nazzareno, "lakini hapo sipiti."

Kamishna alichungulia. Kizingiti kilikuwa juu, na chini ni theluji tupu. "Siioni ardhi. Mnataka nivunje shingo?"

"Jamani, nina shughuli," alisema Landucci. Akageuka kinyumenyume, akashusha mguu wa kushoto bila kutazama, ukatua juu ya jiwe lililojitokeza ukutani, lililofichwa na theluji.

Fosca alisogea mlangoni, akalitazama lile jiwe.

"Umejuaje kuna jiwe, dokta?" aliuliza Fosca.

"Ni... nimebahatisha."

"Jana ulijificha humu, mzee akafunga. Ukatokea hapo na picha. Mtoto wa Monteruta angeruka dirishani, hata akiwa mwizi! Ulitaka watu wasiwe na cha kurudia, ununue nyumba zao kwa bei ya kuni."

Landucci aliangalia mguu wake kana kwamba umemsaliti. "Mji wenyewe umeshakufa," alifoka. "Mimi nilitaka kuuzika tu!"

"Picha iko wapi?"

"Kwenye tanuri la mkate. Nyumba niliyonunua."

Nazzareno alivua kofia, kama avuavyo mtu msiba ukipita. "Kwetu, anayetokea hapo ni maiti, dokta. Pole sana."

Kamishna alikohoa, akatoa pingu bila kumtazama mzee usoni.

Kesho yake picha ilirudi msumarini. Magari yalipanda mlima, madirisha yakafunguka moja baada ya jingine. Settimia aliwasha mshumaa wa kwanza, akautikisa mbele ya pua ya Fosca.

"Mishumaa imewaka, afande. Wahenga walisema hapo baridi imekwisha."

Nje theluji ilikuwa bado inaanguka. Hakuna aliyembishia.