Vifungio vya Chuma, Finjani Saba

"Ghala kwa Tende Moja. Mzigo uondoke kabla ya Alasiri. Mkaguzi anakuja mwenyewe. Nimemaliza."

Yaarub Hashil aliisikia sauti hiyo kutoka kwenye redio ya Racal iliyofichwa chini ya kiti cha Land Rover. Akasimamisha gari kando ya barabara ya Ibra. Jua la Oktoba 1984 lilikuwa linachoma bati la gari, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

Kila neno alilielewa. Mzigo ni Kaltham. Mkaguzi ni mtu wa maadui, aliyepata kumwona Kaltham ndani ya afisi ya usalama Maskati, akaujua uso wake na kazi yake.

Mkaguzi akifika kambini, Kaltham atauawa.

Bibi huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa skuli. Yaarub mwenyewe ndiye aliyemshawishi aingie katika kazi ya siri, na ndiye aliyekaa mbele ya mama yake akaapa kwamba atamrudisha. Kwa wiki sita sasa Kaltham alikuwa mkalimani katika kambi ya Mzungu mmoja aitwaye Drexler, aliyedai kwamba amekuja kupiga filamu ya watu wanaoteleza kwa ski juu ya vilima vya mchanga. Ski ni mbao ndefu, nyembamba, ambazo watu wa nchi za baridi huzivaa miguuni ili watembee na kuteleza juu ya theluji.

Filamu ilikuwa uongo. Chini ya makopo ya filamu kulikuwa na makombora mawili ya kufyatulia begani, na kesho yake ndege yenye abiria arubaini ingetua Sur. Kaltham alikwisha kuzing'oa betri za makombora hayo na kuzishona ndani ya nguo zake. Bila betri, makombora yale ni mabomba ya maji tu. Lakini zikigunduliwa mwilini mwake, zitarudishwa mahali pake, na ndege itaanguka.

Yaarub alitazama saa yake ya Seiko. Saa nne na dakika ishirini.

Alasiri ilikuwa saa tisa na robo.

Njia ya gari ililindwa na watu wawili wenye bunduki, na mngurumo wa injini ngeni husikika mbali sana katika mchanga ule. Nyuma ya kambi palisimama kilima kirefu kuliko minara mitatu iliyopandana. Mtu wa miguu huzama humo hadi magotini. Mtu wa ski hazami. Na katika idara nzima ya usalama, afisa mmoja tu ndiye aliyewahi kusimama juu ya ski: Yaarub, mzaliwa wa Unguja, aliyesomea madini Chekoslovakia na kukaa huko misimu miwili ya theluji.

Huko ndiko alikomwona mwanafunzi mwenziwe akianguka na mfupa wa mguu ukitokeza nje ya suruali. Tangu siku ile hakuzigusa tena.

*

"Shikamoo, Bi Turkiya."

"Marahaba. Ingia, funga mlango, usiniletee vumbi."

Bi Turkiya alikuwa mtunzaji wa bohari ya idara, katika nyumba ya udongo nyuma ya soko la Ibra. Zamani alifundisha ushoni Unguja mjini. Sasa alitunza bastola na redio kwa adabu ileile aliyotunzia sindano, na hapana afisa aliyethubutu kumwambia neno la ovyo.

Juu ya mkeka alikuwa amepanga jozi tatu za ski. Idara ilizinunua kimyakimya kutoka Austria mara tu Drexler alipoingia nchini.

"Mbao zote ni mamoja," alisema. "Tafauti ni hivi vifungio vinavyoshika kiatu. Nimekaa navyo wiki nzima, nimesoma na vikaratasi vyake. Chagua, lakini chagua kwa akili."

Yaarub aliinua jozi ya kwanza. Kifungio chake kilishika kiatu mbele na nyuma, imara kama jiwe.

"Hii nzuri. Haichezi."

"Nzuri kwa aliyebebwa mpaka juu na mashine. Wewe utapanda kwa miguu yako. Kisigino kikifungwa hivyo, utapandaje? Utaruka kama chura?"

Aliiweka chini. Jozi ya pili ilikuwa nyepesi ajabu. Haikuwa na kitu ila vijipini viwili vya kubana ncha ya kiatu, na kipande kidogo nyuma.

"Hii basi. Kisigino huru, na uzito hapana."

"Inataka viatu vyake vyenyewe, vyenye vitundu vya kupokea pini. Viatu vimekuja namba arubaini na mbili. Mguu wako?"

"Arubaini na nne."

"Tena chembe moja ya mchanga ikiingia katika kitundu, pini haishiki. Theluji huyeyuka, mwanangu. Mchanga hauyeyuki."

Ikabaki ya tatu. Ilikuwa bamba la chuma lenye bawaba mbele, zito, la sura mbaya. Bi Turkiya alionyesha kwa kidole. Ukipanda, bamba huinuka pamoja na kisigino kila hatua. Ukifika kileleni, unalikandamiza, linajifunga, unashuka. Hupokea buti lolote lenye soli ngumu. Na mguu ukipindwa kwa nguvu, springi hufyatuka na kuuachia kabla haujavunjika.

"Zito," alisema Yaarub.

"Ni zito, ndiyo. Uzito gani wako?"

"Sabini."

Bi Turkiya alikivuta kitambaa kilichofunika mizani ya kupimia magunia ya tende.

"Panda."

"Bibi, wakati hauko."

"Panda."

Kilo themanini na moja.

"Sabini ilikuwa kabla ya harusi yako," alisema, akachukua bisibisi na kukaza skurubu ya springi hadi alama ya saba. "Hapa. Si zaidi. Ukilegeza, itakutoka njiani. Ukikaza, haitakuachia unapoanguka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mikono yako inatetemeka, Yaarub."

"Baridi."

Nje, joto lilikuwa limefikia digrii thelathini na nane.

*

Saa saba na nusu alikuwa peke yake nyuma ya kilima.

Dereva wa idara alimwacha mbali, akarudi mjini Mintarib kungoja na askari wa doria, ambao hawakuthubutu kumgusa mkaguzi kabla Kaltham hajatoka, Drexler asije akashtuka. Yaarub alibandika chini ya ski zile kanda za manyoya yanayolala upande mmoja, ambazo huteleza mbele na kugoma kurudi nyuma, akaanza kupanda. Bamba liliinuka na kushuka. Kach. Kach. Kila mlio aliuona mkubwa kama kengele.

Jasho lilimwingia machoni. Hakusimama.

Saa nane na dakika arubaini alifika juu, akalala kifudifudi na kuchungulia kwa darubini ya Zeiss. Mahema mawili ya turubai. Land Rover moja. Kibanda cha makuti cha Abdullatif, Bedui mzee aliyeajiriwa kuwaongoza wageni wale mchangani bila kujua shughuli yao. Kaltham alikuwa akianua nguo. Drexler alikuwa ameketi kivulini, bastola ya Browning kiunoni.

Mpango ulikuwa mwepesi. Atateleza hadi penye gari, atamwita Kaltham, watawasha injini, wataondoka kabla Drexler hajasimama.

Alizing'oa kanda, akakandamiza vifungio. Akatazama mteremko.

Ulikuwa kama ukuta.

Kama ski itamtoka katikati ya mteremko ule, atabiringika mbele ya bastola kama gunia. Alitoa kisu mfukoni, akaingiza ncha katika skurubu, akakaza. Nane. Tisa. Kumi.

Hofu ndiyo iliyoshika kisu.

Akajitupa.

Mchanga ulinguruma chini ya mbao kama ngoma. Upepo ulimpiga usoni. Nusu ya kilima. Robo. Aliona Kaltham akigeuka, shuka mkononi. Hapo ski ya kushoto ikachomeka katika mchanga laini wa chini, mwili ukaenda mbele, mguu ukabaki.

Springi haikufyatuka.

Alisikia goti lake kabla ya kusikia maumivu.

Drexler alikuwa amekwisha kusimama, anakuja kwa hatua ndefu huku akichomoa bastola. Hatua sitini. Gari lilikuwa mbali zaidi ya hapo. Kukimbia kulikuwa hakupo tena.

Kibanda cha makuti kilikuwa hatua kumi.

Yaarub alifungua vifungio kwa mikono na kutambaa. Kwenye ukingo wa mkeka alisimama kwa mguu mmoja. Akavua mabuti yake, moja baada ya jingine, kama mtu asiyefuatwa na yeyote. La kushoto lilimtoa machozi.

"Asalaam alaikum."

Abdullatif aliyainua macho yake kutoka motoni. Alizitazama zile mbao zilizochomeka mchangani. Alimtazama mtu, kisha miguu yake mitupu.

"Wa alaikum salaam. Karibu. Khabari gani?"

"Hakuna ila kheri. Na kwenu?"

"Hakuna ila kheri."

Mzee alimsogezea sahani ya tende, akainua dele, birika lake la shaba, na kummiminia kahawa. Yaarub alikula tende moja. Alipokea finjani kwa mkono wa kulia, akanywa.

Ndipo kivuli cha Drexler kilipoanguka juu ya mkeka.

"Kaltham! Mwambie mzee anipe mtu huyu."

Kaltham alikuja mbio, akasimama kando. Alitafsiri kwa Kiarabu kwa sauti isiyo na rangi. Abdullatif aliivuta bunduki yake ya 303, akailaza mapajani.

"Mwambie bwana wako, huyu ni mgeni. Amekula kwangu. Kahawa yake haijesha."

Drexler alikuwa amekaa Oman muda wa kutosha. Alijua kwamba mgeni akitosheka huitikisa finjani, na asipoitikisa, mwenyeji humiminia tena. Alijua pia kwamba akimpiga risasi mzee huyu, hapana mtu atakayemtoa katika mchanga ule.

"Vizuri," alisema. "Nitangoja aitikise."

Kaltham alimgeukia Yaarub kana kwamba anatafsiri. Lakini alisema Kiswahili, kwa sauti ileile kavu.

"Kaka Yaarub, umekuja kuniokoa kwa miguu ya mbao?"

"Goti limekwenda. Mkaguzi anafika Alasiri. Anakujua."

Uso wake haukubadilika. Ila vidole vyake viliukamata upindo wa kanga.

"Ufunguo wa gari anao mwenyewe shingoni. Usitikise finjani."

Drexler aliguna. "Anasema nini?"

"Anasema amepotea njia," alijibu Kaltham kwa Kiingereza.

Abdullatif alimtazama Kaltham, kisha Yaarub. Kiswahili alikuwa hakijui, lakini Kiarabu alikijua, na aliyoyasikia hayakuwa Kiarabu. Akamimina.

Finjani ya pili. Ya tatu.

Hapo mtu mwenye adabu husema basi. Finjani ya nne ni ya mlafi. Yaarub aliinyoosha finjani yake tupu, na aibu na hofu vikamkuta pamoja. Mkono ulianza kumtetemeka.

Drexler aliinama mbele.

Mkono ukitetemeka, finjani hutikisika. Finjani ikitikisika, ugeni umekwisha. Yaarub aliukaza mkono mpaka mishipa ikasimama. Finjani ilitulia kwa upana wa unywele.

"Mgeni wangu ana kiu," alisema Abdullatif polepole. "Ametoka mbali." Akamimina.

Ya tano. Dele lilianza kuinamishwa zaidi. Saa ilikuwa nane na dakika hamsini na tano.

Drexler alichoka kungoja. Alivua mkufu wenye ufunguo, akamrushia Kaltham. "Nenda redioni garini. Waite wale wawili waje. Tutakuwa watatu kwa mzee mmoja."

Kaltham alikwenda. Hakukimbia.

Ya sita. Yaarub alihesabu mapigo ya moyo wake, akapotea katika hesabu. Injini iliwaka. Gari lilikuja taratibu, likasimama mbele ya kibanda, likabaki linanguruma.

"Kwa nini umelileta?" aliuliza Drexler.

"Redio haishiki kule bondeni, bwana. Huenda hapa ikashika."

Drexler aligeuka kulitazama gari, kisha akaitazama redio kupitia dirishani. Abdullatif alilikung'uta dele, tone la mwisho likadondoka katika finjani ya saba.

Yaarub aliinywa.

Kisha akaitikisa, mara mbili, wazi, mbele ya macho ya wote.

"Mungu akuzidishie kheri, baba."

"Hakuna shukrani kwa wajibu. Mgeni husindikizwa."

Mzee alisimama pamoja naye. Alimshika mkono kwa kushoto, bunduki kwa kulia, akautanguliza mwili wake mwenyewe mbele ya Browning. Hatua tatu hadi mlangoni mwa gari. Bastola ilipanda. Ilisimama sawa na kifua cha mzee. Drexler alimtazama mzee, akautazama mchanga usio na mwisho nyuma yake.

Bastola ikashuka.

Ndipo alipotambua kwamba Kaltham hakushuka garini.

Land Rover ilitimka. Risasi mbili zilitoboa turubai la nyuma. Ya tatu haikuja. Abdullatif alikuwa ameinua 303. Walinzi wa njia waliliona gari la bwana wao linapita, wakapunga mikono.

*

Adhana ya Alasiri iliwakuta Mintarib. Askari wa doria walikuwa wamemkamata mkaguzi barabarani, na magari manne yalikuwa yakielekea kambini kumchukua Drexler, asiye na gari wala kiongozi. Abdullatif alikuwa amekunja mkeka wake na kuondoka na ngamia.

Kaltham alizifumua nyuzi za kanga, akazipanga betri mbili juu ya boneti mbele ya kapteni wa doria.

"Tende Moja kwa Ghala," Yaarub alisema redioni. "Mzigo uko salama. Sur wapokee wageni wao. Nimemaliza."

"Kaa kitako, bwana Yaarub," alisema kapteni. "Upate kikombe cha kahawa."

"Nimetosheka."

Akachukua fimbo ya askari mmoja, akaanza kuelekea msikitini, miguu mitupu, akichechemea. Kaltham alimfuata hatua mbili.

"Kaka Yaarub. Mama nikamwambie nini?"

Aliutia mfukoni mkono usioshika fimbo, sasa ukitetemeka waziwazi, asimwonyeshe.

"Mwambie umerudi," alisema bila kugeuka, akaenda zake kusali kwa kukaa.