Barakoa Iliyomkaa Lusubilo

Asubuhi za Ruanda, wilayani Mbozi, huanza na ukungu. Ukungu hutanda juu ya mibuni mpaka jua lipate nguvu. Enesi alizipenda asubuhi hizo tangu alipofika pale akiwa bibi harusi.

Siku hizo mume wake, Lusubilo, alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Alibeba kahawa ya wakulima. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti nzito. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya. Watu walisema akiimba Lusubilo, hata benchi unalokalia linatetemeka.

Jioni walikaa jikoni, karibu na moto. Enesi alichoma mahindi. Lusubilo alisimulia habari za barabarani. Alisimulia jinsi lori lilivyokwama kwenye tope, na jinsi utingo wake alivyomkimbia ng'ombe. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa na mahindi.

Sasa watoto wamekua na kuondoka. Osward, kifungua mimba wao, anafanya biashara Tunduma, mpakani. Lusubilo aliliacha lori zamani. Analima kahawa na mahindi. Moto wa jikoni upo, na mahindi yapo. Lakini hadithi zimekwisha. Lusubilo akikaa tu, anasinzia. Hindi linamponyoka mkononi.

"Baba Osward, umelala?" Enesi alimwuliza jioni moja.

"Sijalala. Nakusikia."

"Haya, nimesema nini?"

Lusubilo alifikiri. Kisha kichwa kikainama tena.

Majirani walisema ni uzee. Haukuwa uzee. Mwaka uliopita Osward alimpeleka baba yake hospitali, Mbeya. Daktari alikuta ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Mtu mwenye ugonjwa huu akilala, koo lake hulegea na kuziba. Pumzi hukatika. Mwili hushtuka, naye huvuta hewa kwa kishindo na kukoroma. Punde koo huziba tena. Hali hiyo hujirudia mpaka kunakucha. Mtu huyo huamka amechoka, kana kwamba alikesha. Kichwa humwuma. Presha hupanda.

Hospitali ilimpa mashine ndogo ya umeme na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mashine husukuma hewa kwenye bomba, nayo hewa huingia kwenye barakoa. Hewa hiyo hulizuia koo lisizibe. Mwanzoni Lusubilo aliendelea vizuri. Kisha panya wakautafuna mpira laini wa barakoa, ule unaogusa uso.

Osward alitaka kumsaidia baba yake upesi. Akavuka mpaka, akanunua barakoa nyingine huko. Aliichagua kwa macho tu.

"Kubwa ndiyo nzuri, baba," alisema kwenye simu. "Ikizidi, utakaza mikanda."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hewa ilivuja pembeni na kumwingia Lusubilo machoni. Alikaza mikanda. Ikavuja zaidi. Akakaza tena. Baada ya muda juu ya pua yake kulikuwa na kidonda.

Enesi naye alijaribu kusaidia. Aliona barakoa ina matundu madogo kwa mbele, na hewa inatoka hapo. "Kumbe imetoboka!" alisema. Akayaziba kwa plasta. Lusubilo alipoivaa, alijisikia kama mtu aliyefunikwa blanketi zito. Aliivua. Tangu hapo barakoa ilining'inia ukutani, kwenye msumari.

Kukoroma kulirudi. Enesi alihamia chumba walicholala watoto zamani. Alilala huko akisikiliza ukutani. Pumzi ya mumewe ilipokatika, naye alibana yake, mpaka aisikie tena.

Siku moja walikwenda Isansa kumpa pole ndugu yao aliyefiwa. Walikwenda kwa pikipiki. Daktari alikuwa amemwonya Lusubilo asiendeshe chombo kama bado anasinzia. Lakini Lusubilo alisema, "Isansa si mbali."

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa tupu. Enesi aliona pikipiki inakwenda upande, taratibu.

"Baba Osward!" aliita. "Baba Osward!"

Pikipiki ilitoka barabarani. Iliingia kwenye shamba la mahindi na kuanguka. Mahindi yaliwapokea. Enesi alichubuka mkono. Lusubilo aliumia goti. Jirani yao Yonasi, aliyekuwa akipita na baiskeli, alikuja mbio akawainua.

"Mmeumia?" Yonasi aliuliza. "Kulikuwa na ng'ombe barabarani?"

"Hakukuwa na kitu," alisema Enesi. "Alilala."

Lusubilo aliketi chini, katikati ya mahindi yaliyovunjika. Aliitazama mikono yake.

"Mimi niliendesha lori lenye mzigo, mvua ikinyesha, mlimani," alisema. "Leo pikipiki imenishinda."

"Haikukushinda pikipiki," Enesi alimjibu. "Umeshindwa na usingizi. Na tiba yake umeitundika kwenye msumari."

Pikipiki ilisukumwa na Yonasi mpaka nyumbani. Kesho yake Enesi alipiga simu kliniki ya hospitali ile ya Mbeya. Nesi aliyepokea aliitwa Jenista.

"Njooni, mama," alisema Jenista. "Leteni mashine, bomba na barakoa. Leteni pia kila anachovaa akilala."

Walipanda basi. Lusubilo alikaa dirishani. Barabara ilikuwa ileile aliyopita na lori ujanani. Enesi alingoja amwonyeshe mahali fulani, kama zamani. Lakini kabla hawajatoka Mbozi, alikuwa amelala.

Kliniki, Jenista aliwaamkia kwa heshima. Aliwapeleka kwenye chumba chenye kitanda.

"Baba, usinieleze unavyolala," alisema. "Nionyeshe."

Lusubilo alicheka kidogo. Alitoa kofia yake ya sufu, maana baridi ya Mbozi haina huruma. Aliivaa mpaka masikioni. Akajipaka mafuta ya mgando usoni, kama afanyavyo kila siku ngozi isipasuke. Akavaa barakoa juu ya kofia na mafuta, akavuta mikanda kwa nguvu. Akalala chali. Jenista aliwasha mashine.

Hewa ilipiga mluzi pembeni. Barakoa iliteleza mpaka karibu na sikio.

Jenista aliizima mashine. Aliishika barakoa, akaigeuza. Uso wake ukabadilika.

"Nani aliziba hapa?"

"Ni mimi, mwanangu," alisema Enesi. "Nilidhani imetoboka."

"Wengi hudhani hivyo. Lakini matundu haya yametengenezwa makusudi. Hewa chafu anayoitoa baba inapita hapa. Ukiyaziba, anaivuta tena ileile. Ni hatari. Yasizibwe kabisa."

Enesi alishika kifua. "Ndiyo maana alisema anakosa hewa!"

"Ndiyo, mama. Alifanya vizuri kuivua." Jenista alibandua plasta yote. "Hewa ya kwenye matundu haya ni sawa. Ile inayovuja pembeni, ikaingia machoni, hiyo ndiyo tunayoitafuta."

Alichukua kipimo cha karatasi ngumu, akakiweka usoni kwa Lusubilo. Alipima kutoka juu ya pua mpaka chini ya mdomo.

"Barakoa hii ni kubwa, baba. Uso wako ni wa saizi ya kati."

"Kijana wangu alisema kubwa ndiyo nzuri, ikizidi nitakaza mikanda."

"Baba, kiatu kikizidi, ukikaza kamba kinakukaa?"

"Hapana. Kinanitoa malengelenge."

"Basi hata barakoa ni hivyo. Mpira huu unatakiwa kujaa hewa kidogo, ulale usoni wenyewe. Ukiukandamiza, unajikunja. Pale unapojikunja, hewa inatoka. Unakaza tena, unapata kidonda, na bado inavuja."

Alisafisha kile kidonda na kuweka dawa. Alileta barakoa ya saizi ya kati, yenye umbo lisilokandamiza juu ya pua. Kisha akamtazama Lusubilo kidevuni.

"Hizi ndevu, baba."

Lusubilo alizishika. "Marehemu baba yangu alikuwa nazo hivihivi."

"Ni nzuri. Ila mpira haushiki vizuri juu ya ndevu. Wenye ndevu wengine tunawapa barakoa ya pua peke yake. Wewe unalala mdomo wazi, kwa hiyo hewa ingetokea mdomoni. Ukizinyoa pale mpira unapogusa, itakusaidia."

Lusubilo alizipapasa tena, akamtazama Enesi.

"Nitazinyoa," alisema mwishowe.

Jenista alimpa maji na sabuni, naye Lusubilo akanawa mafuta yote, akajifuta. Kofia iliwekwa kando.

"Sasa tuanze upya. Vaa barakoa, mikanda iwe imelegea. Lala kwanza, maana uso wa mtu aliyelala si sawa na wa aliyekaa. Upande gani unapenda?"

"Kulia."

"Haya, lala kulia. Nawasha mashine. Shika barakoa, ivute mbele kidogo itoke usoni. Umesikia mpira unajaa? Irudishe taratibu. Sasa vuta mkanda wa kulia na wa kushoto pamoja. Kidogo. Kidogo tena. Acha."

Mluzi ulikoma.

"Mama, pitisha vidole viwili hapa, kati ya mkanda na shavu."

Enesi alipitisha. Vilipita bila shida.

"Hapo panatosha. Geuka kushoto, baba. Rudi kulia."

Lusubilo aligeuka. Hakuna kilichovuja. Jenista alilipitisha bomba juu ya kichwa chake ili lisiivute barakoa akigeuka.

"Pumzika hivyo hivyo kidogo," alisema. "Nataka tuisikilize."

Walikaa kimya. Baada ya muda kifua cha Lusubilo kilianza kupanda na kushuka taratibu. Alikuwa amelala. Enesi alisogeza kiti. Alizoea kuhesabu kimya kati ya pumzi na pumzi. Alingoja kimya kile cha kutisha. Hakikuja. Pumzi ilikuja, ikaenda, ikaja, kama ya mtoto mchanga. Enesi alijifunika uso kwa kanga, akalia bila sauti.

Jenista alimshika bega. "Usilie, mama. Huu ndio usingizi."

Kabla hawajaondoka, aliwaambia mambo mengine. Mpira uoshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, uanikwe kivulini. Mikanda ioshwe kila wiki. Umeme ukikatika, avue barakoa. Mpira ukiwa mgumu au ukipasuka, wapige simu kliniki, wasinunue kwa kukisia.

"Na usiivae wakati wa kulala tu," alimwambia Lusubilo. "Ivae mchana pia, ukiwa macho, mashine ikiwa imewashwa. Sikiliza redio nayo. Utaizoea."

"Na baridi?" Lusubilo aliuliza.

"Vaa kofia juu ya mikanda, baba, si chini yake. Ukiivaa, hakikisha haijaisogeza barakoa. Mafuta jipake asubuhi."

Nyumbani, Enesi alichemsha maji. Lusubilo aliketi uani, juani, taulo likiwa shingoni. Enesi alishika wembe. Ndevu zilidondoka kidogo kidogo. Kidevu kilitokea, kisha mashavu, kisha kovu dogo alilolipata siku za lori. Enesi alisimama na wembe mkononi, akimtazama huku akicheka.

"Unacheka nini?" Lusubilo aliuliza.

"Nilikuwa sijakuona siku nyingi."

Mwanzoni haikuwa rahisi. Siku nyingine Lusubilo alivua barakoa usingizini bila kujua. Hakuitundika tena. Aliosha uso, akaivaa upya, akalegeza mikanda na kuanza mwanzo. Mchana aliivaa akisikiliza taarifa ya habari. Enesi aliuosha mpira na kuuanika kivulini. Ukikauka, aliuweka kwenye kopo lenye mfuniko ili panya wasiufikie.

Kidonda cha pua kilipona. Kichwa kiliacha kumwuma asubuhi. Enesi alibeba mto wake kutoka chumba cha watoto, akaurudisha mahali pake. Walipokwenda tena kliniki, daktari aliisoma kumbukumbu ya mashine na kumpima Lusubilo presha. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari alimwambia aendelee hivyo, na pikipiki ingoje kidogo mpaka wahakikishe.

Osward alikuja kutoka Tunduma kuwasalimia. Baba yake alimketisha kitandani, akamwonyesha jinsi ya kuivaa barakoa, hatua kwa hatua.

"Kumbe nilikuletea koti la mtu mwingine," alisema Osward.

"Ulileta kwa upendo," Lusubilo alimjibu. "Ila uso haukisiwi, mwanangu. Unapimwa."

Asubuhi moja ya msimu wa kuvuna, Enesi alitoka na ndoo. Ukungu ulikuwa bado mzito. Alimkuta Lusubilo ameketi kwenye kizingiti cha mlango, macho yake yameng'aa.

"Umelalaje?" Enesi alimsalimu.

"Nimeota."

Enesi alisimama. Hakukumbuka ni lini mumewe alisema neno hilo. Usingizi unaokatika-katika hauna nafasi ya ndoto ndefu.

"Umeota nini, Baba Osward?"

"Nimemwona mama. Alikuwa uani kwenye nyumba ya zamani, ile iliyobomoka. Alikuwa anaanika kahawa. Mimi nilikuwa mtoto. Nikapita na matope, nikaikanyaga kahawa yake. Akanigombeza."

Enesi alicheka. "Hata ndotoni?"

"Hata ndotoni. Kwa Kinyiha chake kilekile, kwa haraka, mkono kiunoni." Lusubilo alitabasamu. "Sauti yake, Mama Osward. Nilikuwa nimeisahau. Sura yake nilikuwa nayo, kwa sababu ya picha. Lakini sauti ilikuwa imeniponyoka. Leo nimeisikia."

Enesi aliweka ndoo chini. Alisogea, akaketi kizingitini kando yake.

"Haya," alisema, "anza tena. Ulipita wapi na matope?"

Naye Lusubilo akaanza.