Ujumbe Uliokaa Safari Tatu

"Hebu soma tena," Fundi alisema.

Mwanamke aliyeketi naye ndani ya basi alicheka, akainua simu yake, akasoma kwa madaha: "'Mpenzi wangu, bahari imetulia lakini moyo wangu hautatulia mpaka nikuone. Kula vizuri, usijinyime.' Mume wangu huyo. Miaka kumi na minane ya ndoa, na bado ananiandikia hivyo."

Fundi hakucheka. Alifungua simu yake akampa asome mwenyewe. Maneno yalikuwa yaleyale, mpaka nukta. Yalitumwa siku moja, yakipishana dakika mbili.

Kicheko kilikatika. Walikuwa wamefahamiana tangu asubuhi tu, pale kituo cha basi, wakagawana karanga na siri za nyumbani, kila mmoja akienda kumwona mume katika mji uleule wa wavuvi, ule wa mwisho kabisa kaskazini ambako barabara inaishia. Sasa waliangaliana kama wake wenza.

"Mume wako wanamwitaje huko melini?" aliuliza yule mwanamke.

"Wanamwita Kimya. Wako?"

"Mpishi. Ndiye anayewapikia wote. Toa picha."

Picha zilitolewa. Mpishi alikuwa na kitambi na kipara, Kimya mrefu na mwembamba. Mke wa mpishi alishusha pumzi, akasema afadhali, wanaume ni wawili. Fundi hakushusha kitu. Wanaume wawili wakiwa na maneno yaleyale, basi yupo mtu wa tatu anayewaandikia.

Fundi alikuwa fundi cherehani, na shaka ndiyo ilikuwa maradhi yake, au ndivyo alivyoambiwa. Miaka miwili iliyopita, akipiga pasi shati la mumewe, aliona kifungo kimoja kimeshonwa na mkono mwingine. Yeye hushona vifungo kwa nyuzi mbili zilizolala sambamba. Hiki kilikuwa na msalaba, na fundo limefichwa kwa ndani. Alipouliza, Kimya alijibu ni dobi. Ugomvi ule ulidumu mwezi mzima ukafika kwenye kikao cha familia, na huko wifi yake akauliza mbele ya wote kama kuna mwanamke mwingine duniani anayevunja ndoa kwa sababu ya kifungo. Watu wakacheka. Fundi akaambiwa aombe radhi, akaomba. Kimya aliangalia sakafu, na wiki iliyofuata akaondoka kwenda kuvua.

Tangu hapo ilikuwa ni ujumbe tu, kwanza mkavu, kisha mtamu. Wiki tatu zilizopita ukaja huu: "Nimekusamehe. Njoo tuanze upya." Fundi alilia, akamwachia mdogo wake cherehani na wateja wote, akafunga safari ya siku mbili. Kama maneno yale hayakuwa ya Kimya, basi alikuwa ameacha riziki yake kwa ajili ya mtu asiyemhitaji.

Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja wa nyumba za mbao, na samaki waliopasuliwa walikuwa wameanikwa juu ya fito kila penye nafasi. Msimu ule jua halikuwa likizama kabisa. Mke wa mpishi alisema mji wa namna hii mwongo hana pa kujificha. Waliuliza, wakaambiwa meli itaingia kesho asubuhi, na habari za wanaume wote anazo karani wa ghala la barafu.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mabuti ya mpira miguuni na wanja umepakwa kwa makini. Nyuma yake palikuwa na rafu yenye simu kumi na tisa, kila moja imebandikwa jina, zote zinachajiwa. Fundi alipotaja jina la mumewe, Karani alichukua simu yenye ufa kwenye kona, akaifungua kwa namba ya siri bila hata kufikiri.

"Namba ya siri ya mume wangu umeijuaje?"

"Kanipa mwenyewe. Wote wamenipa. Huko nje hakuna mtandao, na maji ya chumvi yanaua simu. Wananiachia mimi niwajibu wa nyumbani kwamba wako salama."

"Na 'moyo wangu hautatulia', hiyo nayo ni habari ya usalama?"

Karani hakuona haya. Alieleza kwamba zamani aliandika "wako salama" basi, wake wakawa wanapiga simu kutwa nzima wakilia mpaka kazi ikamshinda. Siku moja akaongeza neno tamu, simu zikapungua. Akaongeza mawili. Sasa anatunga ujumbe mmoja kila Ijumaa na kuwatumia wote.

"Wote?" mke wa mpishi aliuliza.

"Isipokuwa mke wa nahodha. Yule ukimwandikia mapenzi anauliza nani kafa."

Mke wa mpishi alikaa juu ya kreti, akasema alipaswa kujua tu, maana yule mwanamume hajawahi kumwambia hata siku moja kwamba amependeza. Fundi alibaki amesimama.

"Na ule wa 'Nimekusamehe, njoo'?"

Karani aliirudisha simu kwenye rafu.

"Huo aliuandika yeye, ila hakuutuma. Meli ikitoka, ujumbe wao mwingi hukwama, mimi ndiye ninayeutuma. Huo niliukuta umekwama."

"Umekwama au umeachwa?"

"Ulikaa safari tatu," Karani alikiri. "Kila akirudi namkabidhi simu yake, na mtandao hapa upo. Akiniachia tena, naukuta palepale. Safari ya nne nikamwonea huruma, nikautuma. Na ulipojibu kwamba unakuja, aliyekuandikia karibu sana ni mimi."

"Kwa hiyo hajui kama nipo hapa."

"Hajui."

Walipata vyumba nyumba ya wageni, lakini usingizi Fundi hakuupata. Mtu anayeandika msamaha akashindwa kuutuma mara tatu, anaficha kitu.

Asubuhi meli ilifunga kamba gatini. Kimya alishuka na kreti begani, akamwona, akaiweka chini polepole.

"Umefikaje?"

"Niliitwa. Au sikuitwa?"

Kimya aliangalia upande wa ghala, akaelewa. "Sikuutuma mimi."

"Najua. Nataka kujua kwa nini."

Alianza na mtandao. Fundi akamwambia mtandao upo. Akasema amechoka, amalize kwanza kushusha samaki. Fundi akamwambia samaki wameshakufa, hawana haraka.

"Ni neno la kwanza," Kimya alisema hatimaye. "Nimekusamehe. Kila nikilisoma, mkono unakataa. Hukunikosea kitu. Kile kifungo hakukishona dobi."

Fundi alilingoja neno hilo miaka miwili, na alidhani likifika atapiga kelele. Badala yake alikaa juu ya rundo la nyavu.

"Ni nani?"

"Muuzaji wa duka la dawa, karibu na kazini kwangu. Miezi minne. Iliisha kabla ya kikao."

"Na kikaoni ulikuwepo. Wifi aliponicheka ulikuwepo. Nilipoomba radhi mpaka nikaanza kujiona mwendawazimu, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, kisha nikakimbilia huku. Nakupenda, na hilo hakulitunga Karani. Ila sikuweza kukuita kwa uongo, na ukweli niliuogopa."

Hasira ilimpanda Fundi. Chini ya hasira ile kulikuwa na faraja ambayo hakuitegemea: macho yake hayakuwa yamemdanganya. Aliinuka, akaenda ghalani, akarudi na simu ya mumewe.

"Andika kwenye kundi la familia, wote wasome. Na leo Karani hakusaidii."

Kimya aliandika kwa vidole vilivyovimba kwa baridi: "Mke wangu hakukosea. Nilikuwa na mwanamke mwingine, nikawadanganya wote, nikamwacha aombe radhi kwa kosa langu." Akautazama kwa muda mrefu. Fundi hakumharakisha. Akautuma.

Haikupita dakika, wifi akapiga. Fundi alimwambia Kimya aweke spika.

"Nani ameshika simu ya kaka yangu?" sauti iliuliza. "Mkewe amemfuata mpaka huko amwandikie mambo haya?"

"Hapana, dada. Nimeandika mwenyewe, kila neno."

Wifi akauliza kwa sauti ndogo kama Fundi yuko karibu.

"Nipo, wifi."

"Wifi yangu, sijui hata niseme nini."

"Ukijua utanipigia. Leo usijilazimishe."

Simu ilipokatwa, Kimya alimtazama mkewe. "Umenisamehe?"

"Bado. Nipo nyumba ya wageni wiki nzima. Utakuja kila siku, nitauliza, utajibu. Nikikusamehe nitakwambia kwa mdomo wangu."

Kimya alitaka kumsindikiza. Fundi alimkatalia, akamwambia akaoge kwanza, swali la kwanza ni saa nne.